Unataka kuhamia Lamu? Pima hivi kabla hujafunga mizigo

Kila ikifika Januari maswali ni yale yale. Mtu amekuja Disemba, amekaa Shela wiki mbili, bahari shwari, kaskazi inapuliza taratibu, samaki wa kuchoma kila jioni, karudi Nairobi au Nakuru na sasa hatulii, anataka kujua kodi ni ngapi, boti ya kununua bei gani, watoto watasoma wapi, na je mtu wa bara anaweza kuishi kisiwani. Anaweza, wapo wengi na wametulia. Ila wapo pia walioondoka kabla mwaka haujaisha, na karibu wote waliamua kuhamia wakiwa wameiona bahari kwenye miezi yake mizuri tu, hawakuwahi kuiona Julai. Ndo mana nimeandika hatua zote hapa, zifuate moja moja, na tafadhali usiruke ya 2 na ya 4.

Naongea kuhusu Lamu kwa sababu ndo ninayoijua vizuri. Kama unafikiria Kilifi, Shimoni, Pangani au Mafia mengi yatakufaa pia, pepo ni zile zile na maji ni yale yale.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Jedwali la maji kupwa na kujaa la mwaka huu. La Kilindini, bandari ya Mombasa, linapatikana kirahisi, saa zake na za Lamu hazipishani sana, kwa kuanzia litakutosha.
- Pesa ya kukaa angalau mwezi mmoja bila kutegemea kazi utakayoipata huku.
- Daftari. Simu pia sawa, lakini kwenye boti simu inalowa.
- Majina ya wote watakaohama na wewe, na mbele ya kila jina mahitaji yake: dawa za kila siku, shule, mzee asiyeweza kupanda ngazi za gati.
- Mwenyeji mmoja, mtu anayeishi huku mwaka mzima. Dalali hahesabiki.
- Kuogelea. Hujui? Anza kujifunza leo huko huko ulipo.

HATUA YA 1: Chagua mtaa kwa kuuliza boti itakuhusu kiasi gani

Watu wanasema "Lamu" kama mahali pamoja. Mokowe iko bara, basi linafika mpaka hapo, boti unapanda ukitaka. Mji wa Amu, yani mji wenyewe wa Lamu, uko kisiwani, vichochoro vya mji wa kale ni vya miguu na punda, kwa hiyo friji, kitanda, simiti, kila kitu kinashuka gatini na kubebwa na punda au mkokoteni, na kwenda bara lazima uvuke. Shela iko kwenye kisiwa hicho hicho, ni kama kilomita 3 kutoka Amu, unaweza kutembea kwa miguu au kupanda boti. Upande wa Manda, kisiwa cha jirani, unaotazamana na Shela unapendeza sana ila hata pakiti ya maziwa inataka boti. Matondoni na Kipungani ni kwa watu wanaotaka utulivu kweli kweli, Matondoni ndo kwa mafundi wa majahazi, lakini huko maji yakipwa boti haifiki ufukweni. Halafu kuna kisiwa cha Pate, yani Siyu, Faza, Kizingitini, ambako boti hupita mlango wa Mkanda katikati ya mikoko, na Mkanda inataka maji ya kutosha.

Hata ukija na ndege ujue uwanja uko Manda, ukishuka unaingia kwenye boti.

Kosa la kawaida: kuchagua nyumba kwa picha ya baraza na bahari. Jiulize, nikiishiwa na gesi saa mbili usiku nafanyaje? Kama jibu lina boti ndani yake, andika kwenye daftari, utalihitaji hatua ya 4.

HATUA YA 2: Njoo ukae wakati wa kusi

Hii ndo hatua inayoamua kila kitu na ndo watu hawaifanyi.

Mwaka wa huku una pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma kama Disemba mpaka Machi, bahari inakuwa tulivu, jua kali, wageni wengi. Kusi inaanza Aprili na kuendelea mpaka Septemba hivi, Aprili na Mei inakuja na mvua za masika, Juni mpaka Agosti mvua inapungua lakini upepo unazidi. Katikati kuna tangambili, upepo mdogo mdogo usio na mwelekeo. Ukija Disemba unaona nusu ya mwaka tu, tena ile nusu nzuri.

Kwa hiyo panga uje Mei au Julai, ukiweza miezi yote miwili vizuri zaidi kwa sababu hazifanani. Mei utaona mvua: vichochoro vina maji, nguo hazikauki, mbu wengi, hoteli kadhaa za Shela zimefungwa na vijana waliokuwa na kazi Januari wamekaa barazani. Julai utaona upepo: kuvuka mkondo kati ya Amu na Manda bado kunawezekana maana kuna kinga ya visiwa, ila ukitoka nje kwenye mlango wa Shela mawimbi ni makubwa na wavuvi wenye vyombo vidogo wanabaki ndani ya miamba, samaki anapungua sokoni na bei inapanda. Utaona pia uzuri wake, manake kusi inapoa, usiku unalala bila feni, na mji unakuwa wa wenyewe.

Ukiwa huku mwezi huo usiishi kitalii. Panga chumba mjini, pika mwenyewe, panda boti za abiria za kawaida, nenda Mokowe na urudi siku ya mvua ukiwa na mzigo. Ukimaliza mwezi na bado unataka kuhamia, basi hamu yako ni ya kweli.

Tahadhari: jaketi la kuokolea livae na ulifunge, kulikalia hakusaidii kitu. Chombo kikijazwa kupita kiasi, shuka. Nahodha atakasirika na wewe utakuwa hai.

HATUA YA 3: Jifunze maji kabla ya kulipa dipoziti

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvu, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, na wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni ndogo zaidi. Nadharia imeishia hapo, hutahitaji nyingine.

Sasa itumie. Siku za bamvu maji yanajaa kama saa kumi au kumi na moja na yanapwa kama saa nne au tano, asubuhi na usiku vile vile. Yani kama nyumba yako iko mahali ambapo boti haifiki maji yakipwa, siku zote za bamvu asubuhi saa nne hakuna boti mlangoni, na kama miadi yako ya ofisini Mokowe ni saa nne na nusu itabidi utoke alfajiri. Nenda kwenye nyumba unayoitaka siku ya bamvu, saa ya maji kupwa, simama pale boti inapofunga uangalie: ni mchanga, ni tope la mikoko au ni mwamba? Utatembea mita ngapi na gunia la mchele kichwani? Mama yako ataweza?

Tena angalia mkondo. Bamvu ikianza kupwa, maji yanatoka kwa kasi sana kwenye mlango wa Shela kuelekea nje, mtu anayeogelea vizuri bwawani anaweza kuvutwa. Uliza wenyeji pa kuogea watoto, na saa.

HATUA YA 4: Piga hesabu ya boti, kwa shilingi

Karibu kila anayehamia anataka kununua boti mwezi wa kwanza. Usinunue. Mwaka wa kwanza panda za abiria, na ukiwa na safari maalum kodi boti pamoja na nahodha wake. Andika kila nauli kwenye daftari. Mwisho wa mwaka utajua kama unahitaji boti ama unaitamani tu.

Ukitaka kulinganisha, upande wa kumiliki uweke haya yote, usiache hata moja:

- Chombo chenyewe. Boti ya faiba haihitaji matunzo mengi ila ikipasuka unataka fundi anayejua faiba. Mashua ya mbao mafundi wake wako tele lakini mbao ina wadudu wa baharini wanaoitoboa, kwa hiyo lazima ipandishwe kila mara, ikwanguliwe, ikalafatiwe upya (mianya izibwe) kwa pamba na kupakwa deheni (mafuta ya kulinda mbao) au rangi ya chini.
- Injini. Bei yake inaweza kuzidi ya chombo. Ikiwa ni tustroki inataka oili kwenye petroli, nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, ila soma kitabu cha injini yako usisikize kila mtu gatini.
- Petroli, ambayo kisiwani inauzwa ghali kuliko bara.
- Nahodha au mlinzi. Boti isiyo na mtu usiku inapoteza petroli, betri, siku nyingine injini nzima.
- Ukaguzi na leseni kutoka Kenya Maritime Authority, pamoja na majaketi ya kuokolea kwa kila abiria.
- Nanga, kamba, na boya la kufungia. Kamba zinaoza kwa jua kuliko unavyodhani.

Ukijumlisha utashangaa, na hapo bado hujaharibikiwa. Namjua jamaa alileta boti nzuri ya faiba na injini mbili, ilikaa imefungwa miezi kwa kukosa spea moja ya kutoka Mombasa, na muda wote huo mlinzi analipwa.

HATUA YA 5: Nyumba, panga kwanza, usinunue

Chumvi inakula vitu, na hili watu wa bara hawalitilii maanani mpaka friji ianze kutoboka. Mabati ya kawaida karibu na bahari hayadumu, bawaba na makufuli ya chuma yanashikana, laptopu zinakufa ghafla. Kwenye nyumba unayokagua angalia hivi: nondo za zege kama zimeanza kupasua plasta (mara nyingi fundi alitumia mchanga wa ufukweni wenye chumvi), makuti yalibadilishwa lini, ukuta wa chini una unyevu mpaka wapi. Nyumba za zamani za matumbawe na chokaa zinapumua na zina ubaridi mzuri, ila ukizipiga plasta ya simiti unyevu unafungiwa ndani. Na kama iko ndani ya mji wa kale, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kubomoa ukuta au kubadilisha sura ya nyumba bila kibali, nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Amu uulize kabla hujamwita fundi.

Onja maji. Maji ya mji wa Amu yanatoka visima vya Shela, chini ya ile milima ya mchanga, lakini hayafiki kila nyumba kila siku, na visima vingi vya majumbani vina chumvi. Visiwa vya mbali watu wanategemea jabia, yani mabirika ya maji ya mvua. Uliza tangi ni lita ngapi na nani alimlipa mwenye punda mara ya mwisho kuleta maji. Stima inapotea, sola ndogo ya taa na simu itakusaidia sana.

Ardhi usiguse mwaka wa kwanza. Tangu mambo ya bandari mpya ya Lamu yaanze, upande wa bara, Mokowe na mji wa Hindi, kuna viwanja vimeuzwa mara mbili tatu, na vipande vingi vya visiwani havina hati. Ukifika wakati wa kununua, fanya upekuzi ofisi ya ardhi wewe mwenyewe na wakili wako, usipokee karatasi ya dalali, na waulize wazee wa pale nani analima au alizikwa hapo. Kama si raia wa Kenya, katiba inakuruhusu kukodisha ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, anayekuuzia ya milele anakuibia.

HATUA YA 6: Hospitali, usiku

Mchana ni rahisi, hospitali ya King Fahd iko Amu. Swali ni usiku na swali ni ugonjwa mkubwa. Ikibidi mtu apelekwe Malindi au Mombasa kuna kuvuka maji na kisha barabara ndefu, na kwa miaka mingi magari ya njia ya Garsen yamekuwa yakisindikizwa na askari kwa sababu ya usalama, kwa hiyo huamui tu kutoka saa sita usiku. Kuvuka kwa boti usiku nako kuna masharti yanayobadilika kulingana na hali ya usalama, muulize chifu wa eneo lako.

Kwa hiyo fanya zoezi hili: chukua namba za manahodha wawili wanaolala karibu na wewe, kubaliana nao kabisa bei ya dharura, na uhakikishe mmoja wao huwa na petroli ndani. Kama kuna mtu kwenye orodha yako mwenye mimba yenye matatizo, moyo, au anasafishwa figo, kwa maoni yangu kisiwa si chake kwa sasa. Mokowe labda. Malindi bora zaidi.

Shule tembelea mwenyewe, kaa darasani kama watakuruhusu, na uliza watoto wa sekondari wanavuka vipi siku ya upepo.

HATUA YA 7: Kipato chako kinavuma na upepo gani?

Utalii unalipa miezi ya kaskazi na Agosti kidogo, halafu kimya. Ukipanga kufungua mgahawa au vyumba, fanya bajeti ya mwaka kwa mapato ya miezi sita. Uvuvi usiuingie kwa kudhani bahari ni ya kila mtu, kila bandari ya wavuvi ina kikundi chake cha kusimamia ufuo, BMU, na wenyewe wana maeneo yao ambayo yamepungua: gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021 na kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ilikuwa tayari imeamua wavuvi wapewe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya mradi huo. Mgeni akija na nyavu na injini kubwa bila kujitambulisha hatapokelewa vizuri, na mimi siwalaumu.

Kazi ya mtandaoni inawezekana mjini, weka laini mbili za kampuni tofauti.

HATUA YA 8: Jitambulishe

Nenda kwa mzee wa mtaa, sema jina lako, unatoka wapi, utakaa wapi. Salimu kila unayempita kichochoroni, hata ukiwa na haraka. Vaa nguo za heshima mjini, bikini ni ya ufukweni tu tena mbali na watu. Ramadhani usile njiani mchana, ratiba ya boti na maduka nayo inabadilika. Wakati wa Maulidi mji unajaa wageni kutoka pwani nzima na vyumba vinakuwa adimu, usipange kuhamia wiki hiyo. Ukiitwa kula, nenda.

HATUA YA 9: Sasa pima

Chora safu mbili kwenye daftari, faida na hasara, lakini usihesabu mistari. Faida kumi za machweo na samaki freshi haziwezi kufuta hasara moja ya mtoto mwenye pumu aliye mbali na oksijeni. Weka alama nyekundu kwenye hasara yoyote ambayo mkiishi nayo mwaka mzima itaumiza mtu. Ikiwepo hata moja nyekundu isiyo na suluhisho la kununulika, badilisha mtaa (rudi hatua ya 1) ama ahirisha. Kama hakuna nyekundu, kila mtu mzima wa nyumba aandike peke yake ndio au hapana, kisha mfungue pamoja. Mmoja akisema hapana, mlete huku Julai aione mwenyewe, usimlazimishe.

UKISHAFIKA NA MAMBO HAYAENDI

Unatapika kwenye boti. Kaa nyuma karibu na nahodha, angalia nchi kavu ya mbali, kula kitu kidogo kabla. Wengi huzoea.

Boti imepwelewa kwenye mchanga. Zima injini, usilazimishe, panga la injini linakula mchanga na pampu ya maji inakufa. Shukeni msukume mara moja kama maji bado yanajaa. Kama yanapwa, tieni nanga mbali kadri kamba inavyofika, mtasubiri masaa, ndo mana maji ya kunywa hayakosekani kwenye boti.

Ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini umekatika. Zima hapo hapo. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au mchanga kwenye tundu la kuingiza maji, ukiendelea dakika chache umenunua injini mpya. Na kila siku ukirudi isuuze kwa maji matamu.

Ukungu kwenye nguo na vitabu. Acha nafasi kati ya kabati na ukuta, fungua madirisha asubuhi, na vitabu toa juani kila mara kusi ikipungua mvua.

Wageni hawaishi. Ukihamia kisiwani ndugu wote wanakumbuka wana likizo. Wape tarehe za kusi.

Mmejaribu na mwenzako hawezi tena. Hamieni Mokowe au Malindi miezi michache kabla ya kurudi bara kabisa, mara nyingi shida ilikuwa ni kuvuka tu. Nyumba ya bara iwe bado ipo, imepangishwa, haijauzwa. Na mkiamua kurudi, friji na vitanda viuzeni hapo hapo Amu, maana kuvirudisha ni punda, boti, wapakuzi wa Mokowe na lori, na bei ya hayo yote inakaribia bei ya kununua vipya.